Je, unahitaji shoka la barafu kupanda Mlima Kenya?

Likizo zinapokaribia, wakazi wengi wa mijini huunda makundi ya kwenda kupanda Mlima Kenya. Orodha ya vifaa hupitishwa mkono kwa mkono, na hapo ndipo swali hili huzuka: je, kila mtu abebe shoka la barafu? Iwapo nawe unajiuliza, jibu linategemea njia utakayopita, hali ya theluji na ujuzi wako wa kulitumia. Lakini usije ukalihangaikia shoka ukasahau hatari kubwa zaidi.

Shoka hili lina mpini mfano wa bakora. Kichwa chake kina ncha kali upande mmoja na ubapa kama wa kijembe upande wa pili. Kazi yake kubwa ni kumzuia anayeteleza kwenye mteremko wa theluji ngumu. Anayeanguka hujigeuza kifudifudi, akaikandamiza ile ncha kwa uzito wa kifua chake hadi asimame. Ni lazima afanye hivyo papo hapo, kwani mwili hushika kasi upesi mno. Mtu ambaye hajafanya mazoezi chini ya mwalimu hataweza. Yamkini ncha hiyo itamchoma yeye mwenyewe usoni au tumboni.

Sasa tazama njia yako. Wengi wanaopanda mlima huu huelekea kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Kwa njia za kawaida za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, utatembea juu ya mawe na changarawe. Barafu ya Lewis iliyo karibu na kilele hicho ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hata hivyo, theluji mpya huanguka na kuganda usiku, na makundi mengi huondoka kambini saa tisa alfajiri ili kuona jua likichomoza. Mawe huwa yanateleza wakati huo. Bakora, viatu vyenye nyayo imara na subira hadi kupambazuke vitakufaa kuliko shoka. Na mwelekezi akikwambia theluji imekuwa nyingi hata panahitaji shoka, nawe hujawahi kulishika, rudi kambini.

Mambo ni tofauti kwingineko. Vilele vya Batian na Nelion huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea majabali. Huko Uganda, njia ya kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori imekuwa ikipita juu ya barafu, na wapandaji hufungwa kamba pamoja, wakiwa na shoka na meno ya chuma viatuni. Huko usilikatae.

Turudi kwa Lenana. Kinachowaangusha watu huko aghalabu ni uhaba wa hewa. Ukiwa kileleni, kila pumzi hukupa takriban asilimia 55 tu ya oksijeni ambayo ungepata Mombasa. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kulala vibaya. Kinyume na wanavyodhani wengi, kuwa kijana mwenye misuli si kinga. Mara nyingi kijana wa aina hiyo ndiye anayepanda haraka kupita kiasi.

Dalili za hatari ni hizi: kuhema hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuchanganyikiwa, na kuyumba. Mwambie mwenzako atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akipepesuka kama mlevi, huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Kumpa dawa ya maumivu kisha mkaendelea kupanda kwaweza kumuua.

Madaktari hushauri kwamba ukivuka mita 3,000, usiinue mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Linganisha na ratiba iliyozoeleka ya Naro Moru: usiku mmoja Met Station, mita 3,050, na wa pili kambi ya Mackinder, mita 4,200. Makundi hufanya hivyo kwa kuwa kila siku ya ziada bustanini hulipiwa. Ukiwa na fedha za kukodi shoka, afadhali ulipie usiku mmoja zaidi. Kuna pia dawa ya asetazolamaidi ambayo husaidia kuzuia ugonjwa huu, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Baridi nayo haina mzaha. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki huko juu. Shoka lina uzito wa nusu kilo hivi, na katika uzito huo utapata sweta ya sufu, soksi kavu na kofia.

Ukiamua kulibeba hata hivyo, funika ncha zake zote kwa mpira au ngozi. Na ndani ya matatu ya kwenda Nanyuki, liweke chini ya kiti, si juu ya vichwa vya abiria wenzako.