Chujio Huondoa Takataka, Haliui Vijidudu

Kuchuja ni kupitisha kitu cha majimaji penye matundu madogo ili makapi yasalie. Kabla chujio la waya halijaenea madukani, mama wa pwani alikuwa na kifumbu, mfuko mdogo wa ukili. Humo hutiwa nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kulowekwa, kisha kifumbu husokotwa na kukamuliwa kwa nguvu. Tui hutoka, chicha hubaki. Chujio la plastiki halisokoteki, na tui zito hutupwa pamoja na chicha. Wapishi wa wali wa nazi hawatabisha.

Kwenye chai, chujio huzuia majani, basi. Lioshwe mara moja, maana mabaki hukauka na kuziba matundu.

Jambo la hatari ni maji ya kunywa. Wako wanaodhani kuwa maji yakichujwa yakawa meupe, yamekwisha kuwa salama. Sivyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003, uliofanywa katika vijiji vya Bangladesh, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Ni faida kubwa kwa kipande cha nguo, lakini nusu nyingine ilibaki.

Kwa hiyo yachuje maji kwa kitambaa safi chenye mikunjo, kisha yachemshe hadi yatokote, uyaweke katika chombo chenye kifuniko. Kitambaa nacho kifuliwe na kuanikwa juani.