Sindano za Kichina, mkono wa muuguzi na maumivu ya kijiwe cha figo

Mgonjwa mwenye kijiwe kilichokwama hatulii. Anakaa, anasimama, anajikunja, anatapika, anashika ubavu, anarudi kukaa. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala kimya, maana kila mtikisiko unamwongezea mateso; huyu wa kijiwe hana mlalo hata mmoja unaompa nafuu. Muuguzi mzoefu wa idara ya dharura huiona tofauti hiyo mapema, na tangu hapo kila dakika ina thamani.

Watu wengi huamini kwamba maumivu haya yanatokana na kijiwe kukwaruza nyama za ndani. Sababu kubwa ni kuziba. Mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu una urefu wa sentimita 25 hadi 30, lakini upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Kijiwe kikikwama humo, figo inaendelea kutengeneza mkojo usio na pa kupita. Presha inapanda, figo inatanuka, utando unaoifunika unavutika. Kisha figo hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoongeza damu inayoingia figoni, na damu ikizidi mkojo nao unazidi. Wakati huohuo misuli ya mrija inakaza. Neva za figo na za tumbo hukutana njiani, ndiyo maana mgonjwa hutapika ingawa tumbo lake halina kasoro.

Kwa sababu hiyo diklofenaki, dawa ya bei nafuu inayopatikana hata katika vituo vidogo vya afya, imepewa nafasi ya kwanza: inazuia prostaglandini kutengenezwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Doha, Qatar, na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 1,600. Wengine walichomwa diklofenaki miligramu 75 kwenye msuli, wengine walipewa mofini kupitia mshipa, wengine parasetamoli kupitia mshipa. Baada ya nusu saa, maumivu yalikuwa yamepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 68 ya waliopata diklofenaki, asilimia 66 ya waliopata parasetamoli na asilimia 61 ya waliopata mofini. Ni habari njema kwa hospitali ya wilaya isiyo na mofini ya kutosha.

Lakini nusu saa ni muda mrefu kwa mtu anayegaagaa sakafuni, na hapo ndipo tiba ya sindano za Kichina, yaani akupancha, inapostahili kusikilizwa. Mwaka 2022 madaktari wa Beijing walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 waliofika hospitalini na maumivu haya. Wote walichomwa diklofenaki. Nusu yao waliongezewa akupancha, na wengine sindano za kuigiza. Dakika kumi baadaye, maumivu yalikuwa yamepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 77.5 ya waliopata akupancha ya kweli, dhidi ya asilimia 10 ya wenzao. Kufikia saa nzima, tofauti hiyo ilikuwa imefifia, kwa kuwa diklofenaki ilishafanya kazi yake kwa wote.

Huko Monastir, Tunisia, watafiti walilinganisha akupancha na mofini kwa wagonjwa 115, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Sindano zilituliza haraka kuliko mofini, tena kwa madhara machache zaidi. Utafiti huo naupokea kwa tahadhari. Mgonjwa anayechomekwa sindano anajua kwamba anachomekwa, na matumaini yake peke yake yanaweza kupunguza maumivu. Wa Beijing, uliotumia sindano za kuigiza, unanishawishi zaidi, ingawa wagonjwa 80 katika hospitali moja bado ni wachache.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Timu za madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu, China, zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na wenzao wa Shandong wamekuwa wakija Tanzania Bara tangu 1968. Watu wetu wanaijua akupancha, hasa kwa mgongo na kiharusi. Kinachohitaji kusemwa wazi ni mipaka yake: sindano hazivunji kijiwe wala hazizibui mrija. Zinanunua muda wa utulivu wakati dawa inaanza kufanya kazi. Mtu akikuambia ataondoa kijiwe kwa sindano, usimpe fedha yako.

Sindano ziwepo au zisiwepo, uzito wa kazi unamwangukia muuguzi. Yeye ndiye anayemwomba mgonjwa apime maumivu yake kwa namba, sifuri hadi kumi, kisha anarudi baada ya dakika kumi na tano au ishirini kuuliza tena. Kurudi huko ndiko kunakokosekana mara nyingi katika wodi zilizojaa, na bila kurudi hakuna anayejua kama dawa imefanya kazi. Kabla ya diklofenaki anauliza kuhusu vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wa zamani na ujauzito. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huuma ubavuni na kwenye kinena. Mzee anayepata maumivu ya namna hii kwa mara ya kwanza achunguzwe mshipa mkuu wa damu tumboni.

Kuna pia joto, ambalo tunalipuuza kwa sababu ni rahisi. Huko Vienna, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kumpasha mgonjwa joto mgongoni na tumboni akiwa ndani ya gari la wagonjwa kulipunguza maumivu, wasiwasi na kichefuchefu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo inapatikana kila mahali, mradi isiunguze ngozi. Kwa upande mwingine, desturi ya kufungulia dripu nyingi ili kukisukuma kijiwe haina ushahidi wa kuitetea. Mgonjwa apewe maji yanayofidia aliyotapika. Mkojo wake uchujwe kwa shashi, kwani kijiwe kikipatikana, maabara itasema kimetokana na nini na mgonjwa ajikinge vipi.

Maoni yangu ni haya: palipo na mtaalamu aliyefunzwa na sindano mpya za kutumika mara moja tu, akupancha iongezwe juu ya diklofenaki, isichukue nafasi yake. Pasipo na mtaalamu, diklofenaki ya mapema, joto na muuguzi anayerudi kupima vinatosha kuwatuliza wagonjwa walio wengi.

Nawe msomaji, maumivu ya ubavu yakiambatana na homa au kutetemeka kwa baridi, usisubiri dawa ya maumivu wala sindano za aina yoyote. Mkojo uliozibwa na ukaingia vijidudu unaweza kuua ndani ya muda mfupi, na tiba yake ni kuutoa mkojo huo hospitalini siku hiyohiyo, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Hali kadhalika mwenye figo moja, au ambaye mkojo umekata kabisa. Nenda usiku huohuo.