Mafuta Yatolewe kwa Mafuta: Mikono ya Msusi na Usafi Wake

Msusi wa Nhica do Rovuma, sawa na wenzake wa Palma na wa Mtwara ng'ambo ya mto Ruvuma, humaliza kichwa cha mteja mikono ikiwa imejaa mafuta ya mgando. Akienda moja kwa moja kwenye ndoo, anasugua bure: mafuta hayatoki, bali yanasambaa hadi kwenye vifundo. Shida ni kwamba maji yametangulia.

Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini. Robert Chesebrough, mkemia wa Marekani, aliyapatia hataza mwaka 1872, na sifa yake kubwa ni kuzuia maji yasipite. Pomedi ngumu ni kaidi zaidi, hasa ikiwa na nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Hakuna mkono unaostahimili maji ya moto kiasi hicho, kwa hiyo kuyachemsha ni kuharibu kuni.

Kinacholainisha mafuta hayo ni mafuta mengine. Yale ya nazi huwa ya majimaji joto likizidi nyuzi 24 au 25, yaani karibu mwaka mzima katika pwani hii. Futa mikono kwa kitambaa kikavu, tia matone machache, sugua. Mimi napendelea machicha. Baada ya kukamua tui, chukua kiganja kimoja, yasugue kati ya vidole na pembezoni mwa kucha. Bado yana mafuta kidogo, na nyuzinyuzi zake hukwangua bila kuchubua. Tazama yanavyobadilika: weupe unafifia, yanaanza kushikana vidonge vidonge. Hiyo ndiyo pomedi inayoondoka. Yakung'ute.

Sasa paka sabuni, mikono ikiwa bado haijaguswa na maji. Chembe ya sabuni upande mmoja hushika mafuta, upande wa pili hushika maji. Ipe nafasi ya kuyakamata mafuta kwanza. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka povu litoke, kisha suuza. Utatumia maji kidogo, na mwenye kuyabeba kichwani kutoka kisimani anajua thamani yake.

Usitegemee maji ya bahari. Chumvi, kalisi na magnesi zilizomo huua povu la sabuni nyingi na kuacha utando mweupe. Sabuni ya mafuta ya nazi hustahimili, ndiyo maana mabaharia waliitumia. Jivu nalo lina magadi yanayoweza kugeuza samli au mafuta ya nazi kuwa sabuni, lakini mafuta ya mgando hayageuki sabuni kamwe. Kwa pomedi, jivu linabaki kuwa la kukwaruza tu, na huwasha vibaya palipo na mchubuko.

Petroli na mafuta ya taa nayakataa kabisa. Yanatoa uchafu, ni kweli, lakini yanakausha ngozi hadi inapasuka, mvuke wake unadhuru, na mtu hukaa karibu na jiko la mkaa mikono ikiwa na mafuta yanayoshika moto.

Nasisitiza haya kwa sababu ya afya. Mkono wa msusi hutoka kichwa hadi kichwa, na mapunye huambukizwa kwa kugusana. Kitakasa mikono hakifanyi kazi vizuri penye mafuta. Tena mkono huo huo ndio unaokula. Cabo Delgado, mkoa wenye Nhica na Palma, ilikumbwa na kipindupindu mwaka 2019 baada ya kimbunga Kenneth, na kuosha mikono kwa sabuni ni miongoni mwa kinga zake kuu.

Wasusi, wekeni kipande cha sabuni na kitambaa kikavu kando ya mkeka. Nawe mama unayempeleka mwanao kusukwa, uliza kabla hajakaa: mikono imeoshwa?