Bei Nayo Ni Kauli

Matangazo ya magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam yana lugha yake. "Namba D, injini haijaguswa, kiyoyozi kinapiga kipupwe, haidai kitu." Ukiyachambua maneno hayo unabaki na kidogo sana mkononi. Namba D inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitoka kiwandani mwaka gani wala limetembea kilomita ngapi huko Japani. Kilicho wazi katika tangazo lote ni bei. Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba muuzaji asiyetamka uongo hana kosa. Anayejua gia boksi inateleza, akafunga mdomo, kisha akataja bei ya gari zima, keshasema kwamba gari ni zima. Bei nayo ni kauli.

Sheria imelitazama jambo hili kwa uangalifu kuliko madalali wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo mama wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, inatamka kwamba kunyamaza peke yake si ulaghai, ila kuficha kwa makusudi ni ulaghai. Anayemimina oili nzito ili injini isitoe moshi siku ya majaribio, anayechomoa taa ya onyo kwenye dashibodi na anayerudisha kilomita nyuma, hao hawana pa kujitetea. Lakini sheria hiyo ya India inaongeza mfano wa farasi mgonjwa. Muuzaji akinyamaza tu mnadani, hajalaghai. Mnunuzi akimwambia, "Usipokanusha nitajua farasi huyu ni mzima," naye akanyamaza, ukimya wake unahesabiwa kuwa maneno. Sasa niambie, nani hununua Toyota bila kuuliza, "Halina tatizo, eti?"

Wengine hujitetea kwamba kasoro hawakuisababisha wao. Waislamu wa pwani wanalijua jibu lake katika hadithi ya mfanyabiashara wa nafaka ambaye rundo lake lilikuwa kavu juu na bichi chini. Alipoulizwa, alisema mvua ndiyo iliyolilowesha, na huenda alisema kweli. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Ndivyo ilivyo pia kwa anayesema "nami nilipigwa": hasara aliyobebeshwa haimpi ruhusa ya kuitua begani kwa mwingine.

Pingamizi lenye uzito ni hili: mnunuzi aje na fundi wake. Ni kweli, na aje. Lakini gari linalochemsha likipanda mlima wa Kitonga halitachemsha kwa kuzungushwa Kinondoni dakika ishirini, na fundi mwenyewe wakati mwingine ana cha juu chake kwa dalali. Tena huku ni kumgharimisha mtu atafute kwa tochi jambo ambalo mwenzake angeweza kumwambia bure.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alieleza gharama ya mchezo huu kwa watu ambao hata hawamo kwenye biashara husika. Wamarekani huliita gari bovu limau, na limau ndilo lililoipa makala yake jina. Wanunuzi wasipoweza kutofautisha zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Kwa bei hiyo mwenye gari zima anaona anapunjwa, anaacha kuuza; mwenye bovu anaona neema. Magari mazima yanatoweka sokoni, bei inashuka tena, na walio waaminifu wanazidi kuondoka. Kazi hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Kwa hiyo aliyeficha gasketi iliyoungua amemwibia pia jirani yake anayeuza gari zuri na kuambulia bei ya mashaka.

Inabaki "nauza kama lilivyo". Hilo nalikubali, mradi bei nayo iwe kama lilivyo. Gari bovu linaloitwa bovu ni bidhaa halali. Wapo mafundi wanaolitafuta hilohilo. Breki na usukani ni habari nyingine, maana mtembea kwa miguu kwenye kivuko hakuwepo mlipokuwa mkipatana, na punguzo la bei halikuingia mfukoni mwake. Katika hati ya mauziano, iliyo na nafasi ya namba ya chesisi na namba ya injini, ungetosha mstari mmoja zaidi: kasoro anazozijua muuzaji. Atakayeuacha mtupu na kuweka sahihi chini yake atakuwa amejibu swali la yule mnunuzi wa farasi.