Kutoka Mlimani hadi Ngamiani: Kwa Nini Utafiti wa Chuo Kikuu Unamhusu Mwamini

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, mjadala huzuka katika familia nyingi za Ngamiani, za Kikristo na za Kiislamu. Kijana akisema anataka kusomea udaktari, uhandisi au uhasibu, wazazi humshukuru Mungu. Akitaja historia, isimu, botania au falsafa, huulizwa: “Na hiyo itakupa kazi gani?” Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba tafiti za vyuo vikuu ni karatasi za wasomi, zisizomletea mvuvi wala mama lishe faida yoyote.

Wapendwa waamini, mashaka haya yanastahili kujibiwa kwa heshima, kwa maana yanagusa wito wa vijana wetu. Makala hii inaeleza tafiti za chuo kikuu kikubwa zinagusa mambo gani, kwa kutumia mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na inaonesha kwa nini Mama Kanisa anautazama upana huo kama sehemu ya hekima ya Mungu.

Kitivo kimoja kilichozaa vyuo

Chuo hicho, ambacho wengi hukiita “Mlimani”, kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Mwaka 1963 kiliungana na vyuo vya Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Fani ziliongezeka, na baadhi zilipokomaa zikajitegemea. Kilimo kule Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Tiba ya Muhimbili na masomo ya ardhi na ujenzi vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007.

Taifa lilihitaji mawakili, kisha likahitaji walimu, matabibu, wahandisi, wataalamu wa bahari, wa misitu na wa lugha. Maisha ya watu hayakutoshea katika kitivo kimoja.

Mkonge na bahari

Tuanze na zao linaloutambulisha mkoa wetu. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Jani la mkonge likipita kwenye mashine, singa zinazopatikana hazifiki hata sehemu tano kwa mia za uzito wake. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani, ambavyo kwa miaka mingi vilitupwa na kuchafua mito. Wataalamu wa baiolojia wa Mlimani waliyageuza mabaki hayo kuwa somo la utafiti. Mwaka 2004 walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba mabaki ya mkonge yakichanganywa na mabaki ya samaki na kuozeshwa pasipo hewa, hutoa gesi ya kupikia na kuzalisha umeme kwa wingi kuliko kila kimoja kikiozeshwa peke yake. Mkonge huwa na kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, ilhali samaki wana naitrojeni nyingi. Vijidudu vinavyozalisha gesi huhitaji vyote viwili kwa uwiano unaofaa. Mkonge na samaki: hizo ni taka mbili za Tanga.

Baharini, Chuo kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar. Kilimo cha mwani, kinachowapatia kipato wanawake wengi wa pwani yetu na wa visiwani, kina mizizi katika utafiti wa Profesa Keto Mshigeni, aliyechunguza mimea ya baharini alipokuwa Mlimani, kabla zao hilo halijaanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ilianza kufa. Mtafiti Flower Msuya wa Taasisi hiyo amefanya kazi na wakulima hao kutafuta njia za kulima katika maji yenye kina zaidi, na za kuuongezea mwani thamani kwa kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Kwa mama anayefunga mbegu za mwani kwenye kamba, utafiti huo ni ada ya shule ya mtoto.

Katika maji hayo hayo ya Tanga anaishi silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za kale sana, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika nyavu za kina kirefu miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Pasipo mvuvi, mwanasayansi asingemwona samaki huyo. Pasipo mwanasayansi, mvuvi asingejua kwamba amevua kiumbe adimu.

Lugha, kumbukumbu na haki

Je, fani zisizoleta samaki wala gesi zina faida gani? Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, lahaja nyingine, ikiwemo Kimtang’ata cha pwani yetu, zilibaki katika vinywa vya wazee. Kazi ya usanifishaji ilirithiwa na Chuo Kikuu, ambacho taasisi yake ya uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Leo kazi hiyo inaendelezwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Aidha, wanaisimu wa Mlimani, katika Mradi wa Lugha za Tanzania, walichapisha mwaka 2009 atlasi inayoonesha lugha za nchi yetu, zikiwemo Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kidigo. Lugha isiyoandikwa ikifa, hufa na sala, methali na majina ya dawa za miti yaliyomo ndani yake.

Wanahistoria nao, kama Profesa Isaria Kimambo aliyeandika juu ya majirani zetu Wapare, waliketi na wazee na kuyapima masimulizi yao, wakati ambapo vitabu vingi vya kigeni viliichukulia historia ya Afrika kana kwamba ilianza na ujio wa Wazungu. Huko ni kurejesha utu na heshima ya watu.

Katika sheria, Profesa Issa Shivji wa Mlimani aliongoza Tume ya Rais iliyochunguza migogoro ya ardhi mwaka 1991 na 1992. Tume ilizunguka nchini kusikiliza wananchi. Serikali haikukubali mapendekezo yake yote, lakini kazi hiyo iliandaa mjadala uliotangulia sheria za ardhi za mwaka 1999, ambazo hadi leo hugusa shamba na kiwanja cha kila mmoja wetu.

Kanisa linafundisha nini

Katika Kitabu cha Hekima, sura ya saba, mwenye hekima anamshukuru Mungu kwa kumjalia kujua muundo wa ulimwengu, mizunguko ya majira, mahali pa nyota, tabia za wanyama, fikra za wanadamu, na aina za mimea na nguvu za mizizi. Hapo kuna fizikia, elimu ya nyota, zoolojia, elimu ya fikra za binadamu, botania na tiba, na zote zinahesabiwa kuwa zawadi ya Mungu mmoja.

Kwa mantiki hiyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba viumbe vina kanuni zake, na kwamba utafiti unaofuata njia sahihi na kuheshimu maadili hauwezi kupingana na imani, kwa kuwa vyote vina asili moja, Mwenyezi Mungu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliutetea umoja wa imani na akili katika waraka wa Fides et Ratio wa mwaka 1998. Papa Fransisko, katika Laudato Si’ ya mwaka 2015, alionya kwamba elimu ikigawanyika vipande visivyozungumza, tunashindwa kuona uhusiano wa vitu vyote, na maskini pamoja na nyumba yetu ya wote huumia.

Onyo hilo linatufaa Tanga. Maji ya bomba tunayotumia hutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi unaoanzia Usambara ya Mashariki. Mtaalamu wa miti peke yake hawezi kuulinda mto huo, kwani anahitaji mchumi anayefahamu kipato cha mkulima wa mlimani, mwanasheria wa ardhi, mhandisi wa maji, na anayeweza kueleza jambo hilo kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.

Mtafiti akibisha hodi

Waamini tufanye nini basi? Kwanza, mtafiti anapokuja nyumbani, tumpokee, lakini tumuulize: anatafuta nini, ametumwa na nani, ana kibali gani, na majibu yetu yatatunzwaje? Utafiti wa afya kwa binadamu hupitiwa na kamati ya maadili, na watafiti kutoka nje hupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mtu ana haki ya kukubali, kukataa, au kujitoa katikati. Utu wake ni mkubwa kuliko takwimu anazotoa.

Pili, tudai matokeo yarudi kwetu. Tafiti nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kubaki maktabani, ilhali waliotoa maarifa ni mvuvi, mganga na mkulima. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kumwalika mwanafunzi wa parokia aeleze tasnifu yake kwa Kiswahili. Ni haki ya jirani, tena ni malezi kwa msomi mwenyewe.

Tatu, wazazi, tuwasaidie vijana kupima karama zao mbele ya Mungu kabla ya kupima mishahara. Hofu ya mzazi kuhusu ajira ni ya kweli, na kijana apaswa kuisikiliza. Lakini aliyejaliwa kipaji cha lugha au cha kuchunguza mimea asiaibishwe kwa kipaji hicho.

Tarehe 15 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Alberto Mkuu, mtawa Mdominikani aliyechunguza mimea, wanyama na madini huku akifundisha taalimungu. Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1941 kuwa msimamizi wa wanasayansi wa maumbile. Siku hiyo tuwaombee watafiti wetu wa fani zote, ili wautafute ukweli kwa unyofu, na wakiupata wausambaze kwa mafao ya wengi.