Ukibadili Gari, Iambie Kampuni ya Bima

Wakulima wa skimu za maji za Turkana, tangu Katilu kando ya mto Turkwel hadi Kalobeyei karibu na Kakuma, huhitaji gari ili mazao yafike sokoni. Wengine wana pikapu, wengine wamechanga fedha wakanunua lori la kikundi, na vijana wengi wana pikipiki. Tena gari la Turkana halikai kama lilivyotoka dukani. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilometa 120 hivi, na njiani kuna laga ambazo mvua ikinyesha hujaa maji kwa ghafula. Kwa hiyo mwenye gari huenda kwa fundi akaongeza springi, akainua bodi, akafunga keria juu, akatia tangi la pili la mafuta, au akachomelea mabenchi nyuma ili watu wakae.

Kazi hiyo ya fundi si mbaya yenyewe. Lakini wengi hawajui kwamba kila badiliko la namna hii lagusa mapatano yao na kampuni ya bima. Mwezi huu twaeleza jambo hili, kwa sababu kosa dogo hapa laweza kumfilisi mkulima.

BIMA NI MAPATANO

Ulipokata bima uliulizwa maswali: gari ni la aina gani, lina thamani gani, litafanya kazi gani, litabeba nini. Kwa majibu yako kampuni ilipima hatari, ikakuambia ada ya kulipa. Basi ukilibadili gari, majibu yale si ya kweli tena. Kampuni inakinga gari moja, nawe unaendesha jingine.

Sheria ya bima yataka ukweli mtupu kutoka kwa anayekata bima. Jambo lolote ambalo lingeifanya kampuni ipandishe ada au ikatae kabisa, yakupasa ulitaje, hata kama hukuulizwa. Ukificha, kampuni yaweza kukataa kulipa siku ya hasara, ingawa ada umeilipa kila mwaka bila kukosa.

BADILIKO GANI LAPANDISHA ADA?

Mabadiliko ni ya namna nne, nayo hayapimwi sawasawa.

Kwanza, yale yanayoongeza thamani: keria, kava ya chuma, tangi la maji, redio. Katika bima kamili ada ni asilimia fulani ya thamani ya gari. Tuseme pikapu yako ni ya shilingi 1,000,000 na kampuni yatoza asilimia 5. Ada ni shilingi 50,000. Ukiongeza vitu vya shilingi 150,000 na ukavitaja, ada yawa shilingi 57,500, yaani nyongeza ya shilingi 7,500. (Juu ya ada huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa fidia ya wenye bima ya asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40.) Usipovitaja, gari likiungua kampuni haitalipa zaidi ya thamani iliyoandikwa katika hati. Umeokoa shilingi 7,500, umepoteza 150,000.

Pili, yale yanayoongeza hatari: injini yenye nguvu zaidi, chesisi iliyorefushwa, bodi iliyoinuliwa hata gari likawa refu na jepesi kupinduka, au tangi la pili la mafuta lililofungwa vibaya. Haya hupandisha ada, na pengine kampuni hudai gari likaguliwe kwanza.

Tatu, yale yanayobadili kazi ya gari. Haya ndiyo yenye hatari kuliko yote. Pikapu iliyokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, ikianza kubeba mbuzi wa watu kwa malipo hadi soko la Kakuma, imekuwa gari la biashara. Tena bima ya kubeba mali yako mwenyewe si sawa na bima ya kubeba mali ya wengine kwa kulipwa, wala si sawa na bima ya kubeba abiria. Kila moja ina ada yake.

Nne, yale yanayopunguza hatari: king'ora cha wezi, au kifaa cha kufuatilia gari. Yataje pia, kwa maana yaweza kukupunguzia ada.

WATU WALIOKAA NYUMA

Hapa twaomba msomaji asome polepole. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, humlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya watu wengine watakaoumizwa barabarani. Wengi hudhani kwamba bima hiyo humkinga kila mtu. Sivyo. Sheria hailazimishi bima hiyo iwakinge wanaobebwa ndani ya gari, ila wakiwa ni abiria wanaolipa nauli katika gari la kazi hiyo, au wanabebwa kwa mapatano ya ajira.

Basi ukichomelea mabenchi nyuma ya pikapu, ukachukua majirani kumi bila malipo kwenda mkutanoni Lodwar, na gari likapinduka katika laga, huenda hakuna hata mmoja wao aliyekingwa na hati yako. Nao wakikushtaki, utalipa kutoka mfukoni mwako. Ikiwa desturi yako ni kuchukua watu, iulize kampuni juu ya nyongeza ya bima ya wanaobebwa, uilipie.

KAMPUNI YAWEZA KULIPA, KISHA IKAKUDAI

Mtu wa njiani akigongwa na gari lako, kampuni haiwezi kumwambia, "Hatulipi kwa kuwa gari lilikuwa bovu," au "lilibeba mzigo kupita kiasi." Sheria ya Sura ya 405 yakataza visingizio hivyo mbele ya aliyeumizwa. Lakini sheria hiyo hiyo yairuhusu kampuni kukudai wewe fedha ilizolipa kwa njia hiyo. Aliyeumia amepata haki yake, nawe umebaki na deni. Mbuzi, ng'ombe na akiba ya miaka mingi vyaweza kwenda kwa ajali moja.

Kadhalika, bima hiyo ya lazima haipiti shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi, kilichozidi ni juu yako.

Kikundi chenye lori kijihadhari zaidi, kwa kuwa deni la lori ni deni la wote. Mwenyekiti asimwachie dereva na utingo wakubaliane na fundi peke yao.

FANYA HIVI

1. Kabla ya kwenda kwa fundi, mwulize wakala wa bima ada itaongezeka kiasi gani. Pengine utaona badiliko halifai gharama yake.

2. Iandikie kampuni barua, utaje badiliko, bei yake na tarehe. Weka nakala, risiti ya fundi na picha za gari kabla na baada ya kazi.

3. Usiridhike na neno la mdomo. Wakala akikuambia "hakuna shida," mwambie alete karatasi ya kampuni inayoonyesha kwamba badiliko limekubaliwa na kuingizwa katika hati yako.

4. Ukibadili injini, rangi au aina ya bodi, sharti habari hizo zibadilishwe pia katika logbuku. Kazi hiyo ni ya NTSA, na maombi hupitia eCitizen. Namba ya injini ikiwa tofauti na ile ya logbuku, utapata taabu kwa polisi na taabu tena kwa bima.

5. Ukinunua gari kuukuu, lilinganishe na logbuku kabla ya kulipa. Mabadiliko ya mwenye gari wa kwanza huwa yako siku unayolikatia bima.

6. Kila mwaka bima inapokwisha, thamani ya gari ipimwe upya. Gari huchakaa, nawe huna haja ya kulipia thamani ambayo haipo.

7. Ajali ikitokea, wajulishe polisi na kampuni bila kukawia. Ukiletewa karatasi za mahakama, zipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo.

Ukiona kampuni imekunyima haki yako bila sababu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, yaani IRA, ukiwa na barua na risiti zako. Ndiyo maana twasema uziweke.

Mkulima mwenye busara hutengeneza mfereji kabla maji hayajafunguliwa. Na bima ni hivyo hivyo: karatasi huandikwa mapema, gari likiwa zima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.