Wati 200 za Boksini
Taa za jua za kumulika bustani zimejaa madukani Dar es Salaam, nasi twafurahi: hazidai bili, wala hazitaki mtaro wa kupitishia nyaya. Lakini yako maneno juu ya maboksi ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

Boksi lasema "wati 200". Mfanyakazi asitoe mshahara wake kabla ya kuitazama paneli. Jua kali la adhuhuri humwaga kiasi cha wati 1,000 katika mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Basi paneli ya sentimita 20 kwa 30 haipati zaidi ya wati 12 hivi. Kwa saa tano za jua zuri, akiba yake yatosha taa ya wati 5 kwa usiku mmoja wa saa 12, wala si zaidi. Hizo 200 zatoka wapi?

Twawataka wauzaji waandike nguvu ya paneli, uwezo wa betri na mwanga kwa lumeni. Nanyi, ndugu wasomaji, ulizeni hayo hayo. Chagueni taa ambayo paneli yake yaunganishwa kwa waya mrefu, kwani mwembe upendezao kumulikwa ndio uletao kivuli. Alama ya IP65 ni kinga ya vumbi na mvua za masika. Na paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, liliko jua la Juni.